Futari nyuma ya Soko la Majengo, Dodoma: mlenda wa mama lishe wa Kirangi

Ramadhani hii nimefuturu mara tisa kwa mama lishe mmoja nyuma ya Soko la Majengo. Naandika haya juu yake kwa sababu ya yaliyonikuta siku ya kwanza, kwenye mgahawa mwingine.

Kule niliingia na baibui langu, adhana bado dakika kumi. Mama yangu akanipigia simu, nikamwitikia Kigogo: "Mbukwenyi." Kijana wa kaunta akasikia. Akanionyesha mlango wa nyuma: "Dada, futari ya sadaka inatolewa kule." Noti ya elfu kumi ninayo mkononi! Dada wa Kirangi tuliyeongozana mlangoni, baibui kama langu, alipewa salamu aleikumu na kuvutiwa kiti.

Iliniuma, bado inaniuma. Mrangi wa Kondoa, Uislamu wake hauna maswali. Sisi Wagogo tumebandikwa jina la ombaomba, na tena tunahesabiwa Wakristo wote, maana wamisionari wa Kianglikana walifika kwetu Mpwapwa tangu 1876. Basi Mgogo Mwislamu anaonekana kafuata wali. Baada ya ile ya 1967, sensa haituulizi tena kabila wala dini; yule kijana alinikadiria vyote viwili kwa neno moja la simu.

Mama wa Majengo naye ni Mrangi. Alipojua mimi Mgogo aliuliza jambo moja tu: "Mlenda wenu mnatia karanga?" Kesho yake nikaukuta jikoni. Majani makavu yaliyotwangwa, unachota unavutika mpaka kwenye kiganja, karanga hazikusagwa zikalainika, unazisikia chengachenga kwenye ulimi. Ugali wa uwele, wa moto kweli. Wateja wa Kirangi nao wakaagiza. Tende, uji wenye pilipili manga, mihogo ya nazi na kachori vipo pia. Ukila vyote ni 5,000, mlenda na ugali peke yake 3,000. Daku anakufungia.

Mihogo siku mbili ilikuwa migumu katikati, na mabenchi ni mawili tu. Wanawake hawana pa kuswalia. Nilipomwambia hilo, alivua kanga yake ya juu, akaitandika nyuma ya magunia ya mkaa. "Swali kwanza mwanangu, kisha unishikie jiko nami niswali." Nikageuza kachori zake hadi alipotoa salamu.