Jogoo mpole wa kufuga nyumbani: yupi umnunue, yupi umwache sokoni

Kama unachotaka ni mayai ya kula tu, usinunue jogoo. Kuku hutaga bila yeye, ila mayai hayo hayaanguliki. Jogoo anamfaa anayetaka vifaranga, au anayeachia kuku uwanjani na anahitaji wa kupiga kelele mwewe akitokea. Mmoja anatosha koo wanane hadi kumi. Weka wawili kwa majike watano uone: watapigana wao kwa wao, na koo watabaki migongo mitupu.

Penye watoto wadogo, upole ndio sifa ya kwanza. Kipi cha jogoo mzima, ule mwiba wa nyuma ya mguu, ni kikali, na akiruka anafika usoni kwa mtoto. Mimi ninawapanga hivi:

1. Malawi (Black Australorp). Mzito, mtulivu, hana papara, na kwa kuwa ni mbegu halisi vifaranga wake hufanana naye. Tabu ni kwamba sokoni kila kuku mweusi anaitwa Malawi. Mgeuze umtazame miguu: iwe ya kijivu iliyokoza, na nyayo nyeupe. Miguu ikiwa ya njano, huyo ni chotara.

2. Sasso na Kuroiler. Mara nyingi ni watulivu. Lakini hawa ni chotara, kwa hiyo usitegemee vifaranga wote watoke na mwili wa baba. Akishanenepa sana pia huwaumiza koo wadogo wa kienyeji.

3. Kienyeji wa kawaida. Hapa ni bahati nasibu, lakini anapatikana kila mahali na anajua kujitafutia. Usichague kwa rangi.

4. Brahma. Kwa upole angekuwa wa kwanza. Nimemshusha kwa sababu ya joto la Pwani na manyoya ya miguuni: wakati wa masika manyoya hayo yanashika tope, na utitiri unajificha humo. Njombe au Lushoto, mfikirie.

5. Rhode Island Red. Majike safi sana. Majogoo yao mengi yana hasira.

Mwisho kabisa, Kuchi. Mrefu, shingo ndefu, anapendeza kumtazama, na wanaomsifu wana haki. Ila ana damu ya kupigana. Nyumba ya watoto si mahali pake.

Hata hivyo mbegu inakupa matumaini tu. Tabia ya huyohuyo unayemlipia ndiyo ya kuchunguza. Nunua pora aliyetimiza miezi sita au zaidi, kwa sababu ukali hujitokeza anapoanza kuwika na kupanda. Nenda kwa mfugaji mwenyewe, jioni, umwombe amwage mahindi kidogo. Jogoo mwema hudonoa punje, huiachia, huku akiwaita koo wale. Mroho anayefukuza wenzake, mpite. Kisha ingia na ndoo mkononi, umwendee moja kwa moja. Anayesogea pembeni akaendelea na shughuli zake, huyo ndiye. Anayeshusha bawa moja na kukujia kiubavu anakupima, hata mwenye kuku akisema, "Anacheza tu huyo, kaka."

Angalia pia migongo ya koo wa hapo, na kama mwenyewe anaingia bandani na fimbo. Akiingia nayo, huna la kuuliza zaidi. Na usivutiwe na pora aliyelelewa mikononi, anayefuata watu kila waendako: wengi wa aina hiyo hawaogopi binadamu, na wakikomaa humwona mtu kama jogoo mwenzao.

Uliza lini alichanjwa mdondo (kideri) mara ya mwisho. Chanjo ya matone ya macho hurudiwa kila miezi mitatu. Ukifika nyumbani, mtenge wiki mbili kabla ya kumchanganya. Mitetea aliyoizaa ikikaribia kutaga, badilishana jogoo na jirani asije akapanda watoto wake, na umwambie jirani ukweli kuhusu tabia yake.