ClinicalTrials.gov: zana ya bure kwa anayetaka kuzishauri kampuni za dawa

Wengi wanaotoka maabara au famasia kwenda kwenye ushauri hukwama kwenye usaili wanapoulizwa swali moja: dawa ya mshindani itaingia sokoni lini? Pa kujifunzia kulijibu hapalipiwi. Ni sajili hii ya majaribio ya tiba, iliyofunguliwa na Maktaba ya Taifa ya Tiba ya Marekani mwaka 2000, ambayo sasa ina tafiti zaidi ya 500,000.

Chagua ugonjwa mmoja. Chuja ubaki na majaribio ya tiba ya awamu ya tatu (ya mwisho kabla ya kuomba idhini) yanayogharamiwa na viwanda, kisha pakua faili ya CSV, yaani jedwali linalofunguka kwenye Excel. Ipange kwa safu ya Primary Completion, yaani siku mshiriki wa mwisho anapopimwa kwa ajili ya matokeo makuu. Kuanzia hapo ongeza muda wa kuchambua data, wa kuandaa maombi, na wa mapitio ya FDA, mamlaka ya dawa ya Marekani: kwa molekuli mpya ni takriban miezi 12 tangu maombi yawasilishwe, au 8 yakipewa kipaumbele. Anayedai dawa itauzwa mara tu jaribio linapokwisha hujulikana papo hapo kuwa mgeni wa kazi hii.

Udhaifu mkubwa ni kwamba taarifa hujazwa na wenye utafiti wenyewe, na tarehe nyingi ni makadirio tu. Ndiyo maana sehemu yenye thamani kuliko zote ni Record History, yaani historia ya mabadiliko ya rekodi, ambayo wasomaji wengi huipita. Linganisha matoleo mawili ya rekodi: tarehe imesogezwa? Idadi ya washiriki imepunguzwa? Kipimo kikuu kimebadilishwa? Tarehe ikisogezwa mbele tena na tena huku vituo vya utafiti vikiongezwa, mara nyingi washiriki wanapatikana kwa shida, na mteja anapaswa kulijua hilo kabla hajapanga bajeti.

Soma hadhi kwa makini. Unknown maana yake tarehe ya kukamilika imepita na hadhi haijathibitishwa kwa miaka 2 au zaidi. Huenda kazi iliisha salama. Withdrawn ni jaribio lililofutwa kabla ya kumpata mshiriki wa kwanza, ilhali Terminated lilikatizwa likiwa limeshaanza. Ukizichanganya, hesabu ya majaribio yaliyoshindwa inaharibika. Angalia pia majina: ukihesabu majaribio ya kampuni ya dawa ya Roche bila kampuni tanzu yake Genentech, utakosa sehemu kubwa.

Kwa awamu ya kwanza usiitegemee, maana sheria ya Marekani hailazimishi kusajili majaribio hayo. Bei, mauzo na hataza hazimo kabisa.

Kwa uchambuzi wa washindani naipa alama za juu sana. Anayelenga usimamizi wa majaribio atafaidika na orodha ya vituo. Lakini anayetaka idara ya usajili wa dawa aanzie Drugs@FDA, hifadhidata ya FDA ya dawa zilizoidhinishwa, kwenye nyaraka za mapitio, kwa sababu huko ndiko anaona wakaguzi walihoji nini na kampuni ilijibu vipi.