Der Krieg ya Otto Dix: etchingi 50 zinazotaka usogee

Nimeyaona maonyesho haya ya Der Krieg (yaani "Vita"), etchingi za msanii Mjerumani Otto Dix kuhusu Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, katika jumba moja la makumbusho nchini Ujerumani na nayapa nyota nne kati ya tano. Etchingi ni picha inayochapwa kwa bamba la metali lililochorwa kwa kuliwa na asidi. Nyota moja imeliwa na vioo.

Ni mfululizo wote wa mwaka 1924, picha 50 katika makasha matano ya picha kumi kumi. Ni ndogo: ile ya askari waliovaa barakoa wakisonga mbele kwenye gesi ina upana wa takriban sm 29 na kimo cha sm 19 tu. Ukisimama katikati ya chumba huoni kitu. Sogea hadi kama sm 30, na kama una lenzi ya kukuzia, njoo nayo.

Cha kutafuta ni kazi ya asidi. Ili kupata weusi uliotanda, unga wa utomvu hunyunyizwa juu ya bamba la shaba au zinki, hupashwa moto kidogo ili punje zishike, kisha asidi hula metali kati ya punje, ikiacha vishimo vya kushika wino. Huo ndio akwatinti. Moto ukizidi, punje huyeyuka na kuungana, asidi ikakosa pa kupenya. Bamba likikaa mno ndani ya asidi, vinundu vinavyouzuia wino usifutike huliwa, na pale ulipotaka weusi hutoka mabaka yaliyofifia. Wachapaji wengi huliogopa kosa hilo. Dix, aliyepigana vita hivyo akiwa mpiga bombomu, aliipa asidi nafasi ile: ngozi, matope na kuta zinaonekana zimeoza kwa sababu metali yenyewe imeoza. Linganisha na picha ya uwanja wa mashimo ya mizinga karibu na Dontrien, kijiji cha Ufaransa, ambako karibu kila kitu ni kijivu na weusi wa akwatinti. Simama hapo muda mrefu.

Mwanga ni hafifu, kama ilivyo desturi kwa karatasi, takriban lux 50 (lux ni kipimo cha mwanga). Yape macho dakika tano kabla ya kuanza. Vioo vya hapa ni vya kawaida, kwa hiyo picha nyeusi zaidi ndizo zinazokurudishia uso wako. Simama pembeni kidogo, uvae nguo ya rangi iliyokolea.

Tenga saa mbili na upumzike baada ya kila picha kumi. Watoto wadogo usije nao: kuna fuvu linalotoka mabuu machoni na mdomoni, nalo limetundikwa usawa wa macho yao.