Maabara ya wodi ya korona: siku 11 za damu ya mama

Mama yangu alilazwa kwa korona siku 11, akatolewa damu mara 7. Mimi ni karani wa hesabu, nimezoea safu za tarakimu, kwa hiyo kila karatasi ya majibu niliiomba na kuinakili kwenye daftari. Hapa nazungumzia huduma ya maabara ya hospitali hiyo tu.

Siku ya kwanza mama alichomwa mara nne. Mishipa yake ni myembamba na inakimbia sindano. Kesho yake alfajiri akaja kijana mwingine: "Shikamoo mama, nipe mkono niupashe joto kwanza." Akamchoma mara moja, basi. Kichupa cha zambarau kilikuwa cha kuhesabu chembe za damu, cha buluu cha kupima kuganda. Nilimuuliza kwa nini cha buluu anakijaza mpaka kwenye mstari. Akanieleza bila haraka kwamba dawa iliyomo imepimwa kwa kiasi hicho cha damu, na damu ikipungua majibu hayaaminiki.

Majibu ya kwanza yalinitisha. Limfosaiti, chembe zinazopambana na virusi, zilikuwa 0.6 wakati kawaida huanzia 1.0. CRP, protini inayopanda mwili unapowaka, ilikuwa miligramu 142 kwa lita, na kwa mtu mzima mwenye afya haifiki 10. Baadaye nilisoma kwamba hata kwa wale wagonjwa 41 wa Wuhan walioelezwa Januari 2020, asilimia 63 walikuwa na limfosaiti pungufu. Prokalsitonini ya mama, protini inayopanda hasa kwa maambukizi ya bakteria, ilikuwa ya kawaida, na daktari alitumia jibu hilo pamoja na picha ya kifua kuamua kutomwanzishia antibiotiki.

Siku ya tatu LDH, kimeng'enya kinachovuja chembe zikiumia, na potasiamu ziliruka ghafla. Kabla sijauliza, maabara walikuwa wameshapiga simu wodini: chembe nyekundu zimepasuka wakati wa kuchukua damu, leteni sampuli nyingine. Ya pili ikarudi karibu na ya jana yake. Hapo nawapa alama zote. Wangeweza kunyamaza, na mama angetibiwa potasiamu asiyokuwa nayo.

Lawama yangu ni karatasi. D-dimer, inayoonyesha damu inaganda na kuyeyuka kupita kiasi, iliandikwa 1.8. Kesho yake ikaandikwa 2100. Hakuna kipimo pembeni, hakuna kiwango cha kawaida. Nilikaa kwenye benchi nikiwapigia ndugu zangu simu kuwaambia waje haraka. Kumbe ya kwanza ilikuwa mikrogramu kwa mililita na ya pili nanogramu, mashine mbili za maabara ileile! 1.8 ni sawa na 1800. Imepanda, ndiyo, na kikomo cha kawaida ni 500, lakini si mara elfu. Zaidi ya hapo, kuna namna mbili za kuhesabu D-dimer na moja hutoa karibu maradufu ya nyingine. Kutoandika kipimo kwenye karatasi ya mgonjwa wa korona ni kosa kubwa, na nililisema dirishani kwao.

Tena kila karatasi ina siku moja tu. Katika ugonjwa huu unatazama namba inaelekea wapi, na mwelekeo huo niliuona daftarini mwangu pekee: CRP 142, 118, 61, 24, limfosaiti 0.6, 0.5, 0.8, 1.1. Siku ya sita muuguzi aliliazima, na daktari akapitisha kidole kwenye safu zangu mbele ya kitanda cha mama. Chembe nyeupe zilipofika 13 nilidhani maambukizi mapya yameingia. Muuguzi huyo ndiye aliyeniambia, "Dada, hiyo ni deksamethasoni," kwamba dawa hiyo ya steroidi aliyopewa mama hupandisha neutrofili, aina mojawapo ya chembe nyeupe, na sukari pia. Mstari mmoja wa maelezo ungetosha.

Kwa kuchukua damu na uangalifu wa sampuli ningerudi kwao bila wasiwasi. Kwenye sanduku la maoni nimewaandikia waweke kipimo kando ya kila namba, na majibu ya siku tatu zilizotangulia. Mama yuko nyumbani, anapumua bila mashine. Mkono wake wa kushoto bado una doa la kijani, pale walipochoma siku ile kabla ya yule kijana wa alfajiri kuingia zamu.