Vitabu vya Kikristo vya likizo ndefu: kipi kitangulie kununuliwa

Shule zinapofungwa mwishoni mwa mwaka na familia za Nakuru na Kisumu kuanza safari za nyumbani, Vihiga, Siaya, Bungoma au Kakamega, wengi hutenga fedha kidogo za vitabu, kisha huingia dukani bila kujua wanatafuta nini. Wenye maduka, ambao biashara yao kubwa ni vitabu vya shule, huviweka vya dini kwenye rafu moja ya pembeni, na vinavyotangulia kuonekana ni vile vyenye picha ya mhubiri jaladani na ahadi ya ufanisi. Mwongozo huu unavipanga vitabu kwa kipimo kimoja tu: kama kitabu kitastahimili kusomwa polepole, na kusomwa tena likizo ijayo. Kwa kipimo hicho, vile vya ufanisi vinashika mkia.

Nafasi ya kwanza naipa Maungamo ya Augustino. Mwandishi ni mtu wa Afrika Kaskazini, aliyezaliwa mwaka 354 huko Tagaste, katika nchi iitwayo leo Algeria, na aliandika kazi hii kati ya mwaka 397 na 400 hivi, akiwa tayari askofu wa Hippo. Kitabu kizima ni sala. Anazungumza na Mungu, nasi tunaruhusiwa kusikiliza. Katika kitabu cha pili (ndivyo sehemu za kazi hii zinavyoitwa) anachunguza kwa kirefu wizi wa mapeasi alioufanya usiku na vijana wenzake, matunda ambayo hawakuyahitaji na ambayo mengi yake waliishia kuwatupia nguruwe, akijiuliza ni nini hasa kilichompendeza katika kosa lisilo na faida yoyote. Mzazi mwenye kijana wa sekondari atapata hapo mazungumzo ya jioni nyingi. Mnunuzi na ahesabu sehemu zake kabla ya kulipa, kwa sababu kazi kamili ina vitabu 13, ilhali baadhi ya matoleo hukomea cha tisa, simulizi ya maisha inapoishia, yakamnyima msomaji tafakuri juu ya kumbukumbu na wakati ambazo, kwa maoni yangu, ndizo kilele chake. Tafsiri ya Kiingereza ya Pusey, ya mwaka 1838, inapatikana bure mtandaoni, na lugha yake ni ya kizamani mno. Inayostahili kulipiwa ni ya Henry Chadwick (1991) au ya Maria Boulding (1997).

Ya pili ni Safari ya Msafiri ya John Bunyan. Kwa nyumba yenye watoto, na bibi asiyesoma Kiingereza kwa raha, ningeipandisha ikawa ya kwanza, kwa kuwa inapatikana kwa Kiswahili na inapendeza ikisomwa kwa sauti. Bunyan alikuwa fundi wa kuziba vyungu vya chuma, akafungwa gerezani Bedford kwa takriban miaka 12 kwa kuhubiri kinyume cha sheria ya wakati ule. Sehemu ya kwanza ilitoka mwaka 1678, na ya pili, inayomfuata mke wa msafiri pamoja na watoto wao, mwaka 1684. Matoleo mengi yana ile ya kwanza peke yake, na ya watoto hufupishwa sana. Kwa mtoto hilo si kosa.

Anayesafiri na begi dogo achukue kitabu chembamba cha askofu Festo Kivengere wa Uganda, I Love Idi Amin, kilichotoka mwaka 1977, mwaka uleule ambao Askofu Mkuu Janani Luwum aliuawa chini ya utawala wa Amin na Kivengere mwenyewe akakimbia kupitia Rwanda. Msamaha, ambao mimbarani hutamkwa kwa wepesi, hapa unatamkwa na mtu aliyefiwa. Ndugu wa Uamsho, ule mwamko wa kiroho ulioanzia Gahini, Rwanda, miaka ya 1930 na kuenea hadi Nyanza, wataitambua lugha yake mara moja. Nimekiweka cha tatu kwa ufupi wake tu.

Mere Christianity cha C. S. Lewis (1952) kinafuata. Kilitokana na mazungumzo ya redio ya wakati wa Vita Vikuu vya Pili, kwa hiyo sura zake ni fupi na zinamfaa mwanafunzi wa chuo mwenye maswali, ingawa mifano yake ni ya Uingereza ya enzi zile. Cha tano ni kile cha mwanateolojia Mjerumani Dietrich Bonhoeffer juu ya kuwa mwanafunzi wa Kristo (kwa Kiingereza The Cost of Discipleship), cha mwaka 1937; ni kizito, na asiyezoea vitabu vya namna hii asianze nacho.

Africa Bible Commentary (2006), kazi ya wasomi 70 wa Kiafrika chini ya uhariri wa Tokunboh Adeyemo, sikuipanga kwa kuwa ni kitabu cha marejeo, na ni afadhali kikundi cha kanisa kichange na kuinunua kuliko mtu mmoja kubeba gharama yote.

Kabla ya kupita madukani, Barabara ya Oginga Odinga mjini Kisumu au Kenyatta Avenue mjini Nakuru, pigeni simu mkiitaja tafsiri kwa jina, si kitabu tu. Vitabu vya mitumba vya kando ya barabara havina ubaya, mradi kurasa zote zimo. Nakala iliyorudufiwa kiharamu hujulikana kwa wino uliofifia na gundi inayoachia kurasa zikifunguliwa, kwa hiyo ikiwa imefungwa kwenye plastiki, mwombeni muuzaji aifungue kabla hamjalipa.