Kissin akiwa na miaka 12: rekodi ya Moscow ya 1984

Habari zenu wapendwa, karibuni tena. Leo mezani nina rekodi moja tu, na nimekaa nayo wiki tatu kabla ya kuwasha kamera. Ni mpiga piano wa Urusi, Evgeny Kissin, Machi 1984, Ukumbi Mkuu wa Konservatori ya Moscow, yaani chuo cha muziki. Anapiga konseto zote mbili za mtunzi wa Poland, Chopin, kwa mkupuo, okestra ikiongozwa na Dmitri Kitayenko. Konseto, kwa wageni wa chaneli hii, ni kazi ambayo mpiga piano mmoja anapokezana na okestra nzima. Na mpiga piano mwenyewe ana miaka 12.

Najua ukisikia umri huo unawaza nini: vidole vyepesi, na watu wazima wanaopiga makofi kwa kumwonea raha mtoto. Ndiyo maana nakuomba usikilize kwanza bila kutazama picha.

Konseto namba 1 inaanza na okestra peke yake, dakika kama nne hivi. Mpiga piano amekaa tu, anasubiri. Halafu zamu yake inafika na anatakiwa aingie kwa mikono yote miwili, kwa nguvu. Wengi hapo hukurupuka. Huyu kijana hakurupuki hata chembe. Anaingia na uzito wake, anaacha mlio ujae ukumbi, ndipo anaendelea. Wimbo wenyewe unapokuja, sikiliza noti ya mwisho ya kila sentensi. Haikati, anaiachia taratibu kama mwimbaji anayemalizia pumzi.

Lakini kilichonifanya nitengeneze video hii ni sehemu ya pili ya Konseto namba 2. Chopin aliiandika akiwa na miaka 19, moyoni amembeba mwanafunzi wa uimbaji huko Warsaw, Konstancja Gładkowska, ambaye alimpenda kimya kimya. Katikati ya sehemu hiyo fidla zinaanza kutetema chini chini, na juu yake piano inakuwa kama mtu anayezungumza peke yake, mikono miwili ikipiga wimbo uleule kwa oktavu, yaani noti zilezile, mkono mmoja juu na mwingine chini. Hakuna akodi, yaani noti kadhaa zinazopigwa pamoja, za kujifichia. Ukiharakisha, umeharibu, ukivuta sana, inakuwa kilio cha kuigiza. Kissin anapita katikati kabisa, na mimi nimerudia pale mara nyingi mno nikijaribu kuelewa mtoto wa miaka 12 aliyatoa wapi.

Sehemu ya jibu ni mwalimu wake. Alipokelewa shule ya muziki ya Gnessin akiwa na miaka 6, akakabidhiwa kwa Anna Pavlovna Kantor. Kissin alikuwa akipiga kwa sikio, kama vijana wengi wa vinanda vya kanisani hapa kwetu. Kantor hakumzimia sikio lile ili kumfundisha kusoma noti. Alivilea vyote viwili. Na huyo ndiye mwalimu pekee wa piano aliyepata kuwa naye. Familia ilipohama Urusi mwaka 1991, mwalimu alihama nao, akaishi nao mpaka alipofariki 2021. Njia hiyo ndiyo iliyomfikisha duniani, wala si mashindano makubwa ya piano ambayo wenzake wengi wameyapitia.

Kuhusu sauti ya rekodi, niwe mkweli. Ni ya ukumbini, hadhira imo, na fidla zina ukali zikipanda juu. Usiisikilize kwa spika ya simu, mkono wa kushoto utapotea wote na mkono ule ndio unaobeba mwendo. Vaa hedifoni. Ukipata santuri yenyewe katika hali nzuri, ichukue.

Kuna watakaoniuliza kwa nini nisianze na konseto ya Tchaikovsky aliyopiga na kondakta mzee Karajan huko Berlin mkesha wa mwaka mpya, 1988. Ni nzuri, ila mwendo wake ni wa polepole sana, na mimi nasikia zaidi mkono wa mzee kuliko wa kijana. Ile ya ukumbi wa Carnegie Hall, New York, ya Septemba 1990 naipenda zaidi, hasa Sonata ya 6 ya mtunzi Prokofiev, kazi ya piano peke yake, ambayo inakung'uta masikio kwelikweli. Hiyo nitaifanyia video yake. Mwaka 1997 alikuja kuwa mpiga piano wa kwanza kuachiwa jioni nzima peke yake kwenye Proms, tamasha la muziki la kila mwaka huko London, na watu hawakumruhusu aondoke: walimrudisha jukwaani akawapigia vipande 7 vya nyongeza.

Mimi nawaambia nunueni hii ya 1984 kwanza, hata kama hujawahi kumiliki rekodi ya piano. Na kama leo una dakika kumi tu, nenda moja kwa moja kwenye Konseto namba 2, sehemu ya pili. Zima feni, funga mlango, subiri fidla zianze kutetema.