Albamu yangu ya kantri ya mwaka 2024 ni Woodland

Kila mwaka ukiisha huchagua albamu moja ya kantri au Americana (muziki wa Marekani wenye mizizi ya kantri na folk), moja tu. Sharti ni niisikilize yote bila kuruka wimbo, mara tatu: kwenye matatu asubuhi, jikoni nikipika, na usiku taa zikiwa zimezimwa. Kwa mwaka 2024 iliyopita kote ni Woodland ya wanamuziki wawili wa Marekani, Gillian Welch na David Rawlings, iliyotoka tarehe 23 Agosti.

Nimekulia Nakuru, katika nyumba ambayo Jumapili bila Jim Reeves haikuwa Jumapili, kwa hiyo napenda mwimbaji asiyepiga kelele na maneno yanayosikika. Humu nimeyapata. Nyimbo ni kumi. Sauti zao mbili zimeshikana hivi kwamba mara nyingine sijui nani ameanza na nani anaitikia. Ngoma na fidla zikiingia, huingia kwa adabu. Na lile gitaa la Rawlings, Epiphone Olympic ya 1935, lina mlio mkavu, wa mbao hasa, unaopita juu ya kila kitu bila kusukuma mtu. Wimbo wa kwanza unahusu treni ya mizigo inayopita tupu, anga likionekana pale ambapo shehena ingekaa. Niliusikia kwenye foleni ya magari nikapitilizwa kituo changu.

Woodland ni jina la studio yao, East Nashville, mtaa wa jiji la Nashville, Marekani. Machi 2020 kimbunga kiling'oa paa lake, mvua ikaingia, nao wakahangaika usiku uleule kuokoa kanda zao za miaka mingi. Nilipolijua hilo nilirudia albamu nzima, na usiku huo niliisikia upya: watu waliokaribia kupoteza kazi ya maisha yao, wakaimba polepole hivi.

Iliyokaribia kuipiku ni Trail of Flowers ya Sierra Ferrell. Huyu dada wa West Virginia alianza kwa kuimba mitaani, na bado anaimba kama anayemzuia mpita njia asiende zake. Septemba 2024, katika tuzo za Americana kwenye ukumbi wa Ryman, Nashville, alichukua msanii bora na albamu bora, na alistahili. Jikoni hakuna aliyemfikia. Usiku tu ndipo nilitamani atulie kidogo.

Cowboy Carter ya Beyoncé ilichukua Grammy ya albamu ya mwaka na ya albamu bora ya kantri, Februari 2025. Kumrudisha kwenye albamu hiyo Linda Martell, mwanamke Mweusi wa kwanza kuimba peke yake kwenye Grand Ole Opry, onyesho mashuhuri la kantri la Nashville, mwaka 1969, ni jambo lililonigusa sana. Lakini ina vipande 27, na safari yangu ya asubuhi haikutosha. Nilijikuta naruka, na sharti ni sharti.

Ukiichukua Woodland, usiisikilize kwa spika ya simu, maana besi ya gitaa hupotea kabisa. Vaa earphone nzuri, au iweke kwenye redio kubwa ya sebuleni. Na kama unatafuta kantri ya kuchezea sherehe ya nyumbani, anza na Ferrell, hii uiache hadi wageni waondoke.